Mji Usio na Twiga

Nimezaliwa Dongobesh, lakini kwa miaka mingi mtu akiniuliza kwetu ni wapi nilimjibu Mbulu. Ilikuwa njia ya kufupisha maelezo. Mbulu watu wameisikia. Dongobesh ukiitaja, mtu anakuuliza iko upande gani, na ukishamweleza anasema, aa, pale gari linaposimama watu wanunue mahindi ya kuchoma.

Ni mji wa maduka ya mbolea na mabati, mashine za kusaga, makanisa, msikiti mdogo, na mashamba yanayoanza pale pale ukuta wa duka la mwisho unapoishia. Baba yangu alikuja hapa kutoka Kondoa akauza kanga na vitenge. Mimi nikafungua steshenari karibu na stendi. Natoa kopi, naprinti barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti, natengeneza kadi za harusi.

Asubuhi moja ya ukungu akaingia Nesi. Mji mzima unamwita hivyo ingawa alishastaafu. Alifanya kazi ya ukunga katika wilaya yetu mpaka nywele zikawa nyeupe, na watu wengi wa mji huu, mimi nikiwemo, tulipokelewa duniani na mikono yake. Baada ya kustaafu alijenga gesti ya vyumba sita nyuma ya soko. Wageni wake walikuwa madereva wa malori ya vitunguu saumu, mabwana shamba, na ndugu wa wagonjwa wanaopita kwenda hospitali.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba baba. Kompyuta yako inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Nataka tuandike kipeperushi cha utalii."

Nikamuuliza utalii wa wapi.

"Wa hapa," akasema, akavuta stuli akakaa.

Nilidhani anatania, nikasubiri acheke. Hakucheka. Akaniuliza kama nimeona makatapila yanavyochonga barabara kuja upande wetu. Nikasema nimeona.

"Watu wanashukuru lami inakuja, na mimi nashukuru," akasema. "Lakini lami ikifika, wanaotupita watatupita kwa mwendo mkali zaidi. Sasa hivi angalau mashimo yanawasimamisha. Lazima tuwape sababu nyingine ya kusimama."

Nikakubali, kwa sababu huwezi kumkatalia mtu aliyekukata kitovu. Siku ile ile nikakaa kwenye kompyuta nikatengeneza kipeperushi ambacho mimi nilikiona kizuri. Nikaweka twiga niliyempata mtandaoni, amesimama mbele ya jua jekundu. Nikaongeza maporomoko ya maji. Juu nikaandika kwa herufi kubwa: KARIBU DONGOBESH, PEPO YA MANYARA.

Nesi alivaa miwani yake, akaishika karatasi mbali kidogo na uso.

"Huyu twiga yuko wapi?"

"Ni picha tu mama, ya kuvutia wageni."

"Nimeuliza yuko wapi."

Akaiweka karatasi mezani taratibu.

"Baba, ningemwambia mama mjamzito kwamba mtoto amekaa vizuri wakati amekaa vibaya, ningemfurahisha siku hiyo moja. Halafu siku ya kujifungua ingefika. Mgeni akija kwa ajili ya twiga akamkosa, hatatuona na sisi tuliopo. Kesho funga duka mchana, tutembee."

Niliona aibu siku hiyo ya kutembea. Nilikuwa nafuata nyuma ya mama mwenye daftari la shule la mistari, anaingia kila mahali kama mgeni katika mji wake mwenyewe. Tulianza kwa fundi wa plau, ambaye nilikuwa napita kibandani kwake kila siku bila kugeuza shingo. Nesi akamwomba atuonyeshe jinsi anavyonyoosha jembe lililopinda. Yule bwana akalipasha moto, akaligonga, akalizungusha mbele ya jicho moja, akaligonga tena, na mimi nikajikuta nimesimama pale mpaka chai yangu mkononi ikapoa. Kwa wanawake wanaochambua vitunguu saumu ghalani, Nesi aliuliza wanajuaje kipi kitakaa na kipi kitaoza. Mmoja akampa viwili, akamwambia afumbe macho, avipime kwa mkono tu. Akanipa na mimi. Nilikosea mara tatu, wakanicheka.

Kule kijijini Nambis tulimkuta bibi mmoja anashona shanga kwenye sketi ya ngozi, ya aina waliyovaa mabinti wa zamani. Alikuwa anamshonea mjukuu anayefanya kazi Dodoma. Nesi aliandika yote. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza kama kweli mtu anaweza kupanda ndege kuja kuangalia vitunguu saumu.

"Wewe umeangalia leo," akasema. "Ulichoka?"

Sikuwa nimechoka.

Mtu mmoja tu alitukatalia, mzee wa kijiji cha Maretadu. Kwenye kiwanja chake, ubavuni mwa kilima, kulikuwa na nyumba ya zamani iliyochimbwa ardhini, paa lake la udongo limelingana na mteremko hivi kwamba ukipita juu yake unaweza usijue umekanyaga nyumba ya mtu. Babu yake ndiye aliyeichimba, wakati watu na mifugo walikuwa wakijificha humo wavamizi wa ng'ombe wasiwaone. Yeye mwenyewe aliishi kwenye nyumba ya matofali pembeni, na kwenye ile ya chini aliweka majembe mabovu na majani ya ng'ombe.

"Watu watoke mbali waje kuona shimo," alimwambia Nesi. "Wanangu wenyewe wakija na wenzao huwa nawaomba wasilitaje."

Nesi hakubishana naye. Alimuuliza tu babu yake alichimba kwa kifaa gani. Mzee akajibu kwa neno moja. Akamuuliza moshi ulitokea wapi. Akajibu kwa maneno mawili. Akamuuliza ng'ombe walifundishwaje kukaa kimya humo ndani adui akipita juu. Hapo mzee alinyanyuka, akachukua fimbo yake, akatupeleka. Alituelezea kwa Kiiraqw, lugha ya wenyeji wa huku, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, na mimi ninayesikia lugha hiyo bila kuiongea vizuri nilielewa zaidi kwa mikono yake. Alitoka humo na utando wa buibui kwenye kofia. Akasema atafikiria. Wiki mbili baadaye tukasikia ametoa majembe yote nje na anakarabati paa.

Basi tukaandika kipeperushi upya. Nesi alisema, mimi nikapiga chapa, na mwalimu wa sekondari akatutafsiria kwa Kiingereza. Bado ninayo nakala ya kwanza: "Dongobesh. Hatuna simba wala twiga. Hao wako kwa majirani zetu, kawaoneni kwanza. Sisi tuna fundi anayenyoosha majembe, wanawake wanaokijua kitunguu saumu kwa uzito wake, mama mshona ngozi na nyumba iliyofichwa ndani ya kilima. Asubuhi kuna ukungu na baridi, njoo na sweta. Chai ipo." Picha nilipiga mwenyewe kwa simu. Hakuna hata moja niliyoitoa mtandaoni.

Nesi alivibeba vipeperushi hivyo kwenye mkoba wa kitenge mpaka Karatu, akaenda kukaa mkahawani ambako waongoza watalii hunywa chai wakisubiri wageni wao. Nilimsindikiza. Vijana wale wenye miwani ya jua walivipokea kwa heshima, wakamwamkia, kisha alipowapa mgongo nikawasikia wakicheka. Mmoja alisoma kwa sauti, "Chai ipo." Nilitaka kurudi kuwajibu. Nesi akanishika mkono.

"Waache. Ameshakisoma," akasema.

Mwongozaji mmoja hakucheka. Alikuwa mtu mzima kidogo kuliko wenzake, akaja kutufuata nje, akasema mama yake ni mzaliwa wa Maretadu na hajawahi kuona jina la mahali hapo kwenye karatasi yoyote isipokuwa ya sensa. Akachukua vipeperushi kumi.

Ilipita miezi. Watu wa stendi walianza kuniita mkurugenzi wa utalii. Wakiona mbuzi anavuka barabara wananiambia, mkurugenzi, mnyama wako huyo. Nilikuwa nacheka nao. Moyoni nilikuwa namwonea Nesi huruma, na nadhani alijua, maana alikuwa akipita dukani haongelei jambo hilo kabisa.

Kisha yule mwongozaji akapiga simu. Ana wageni wawili, mama mtu mzima na binti yake, Waholanzi. Wameshamaliza mbugani, wana siku mbili zimebaki, na yule mama amekisoma kipeperushi akasema anataka kwenda huko. Kwao ni mkulima wa viazi.

Mji ulichangamka kwa namna ambayo sikuitegemea. Wale wale waliokuwa wakinitania walifagia mbele ya maduka yao. Kiongozi mmoja wa kata alikuja na wazo la kwaya, watoto wa shule wenye bendera, na hotuba yake mwenyewe. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante sana mheshimiwa," akamwambia. "Ila tumewaambia watakuja kuona Dongobesh. Siku za Jumanne Dongobesh haina kwaya."

Siku mbili kabla ya wageni kufika, mzee wa Maretadu alifariki. Alikuwa ametoka kukama, akasema anahisi baridi, akalala na hakuamka. Mazishi yakapangwa siku ile ile ambayo wageni walikuwa waje.

Nilimkuta Nesi kwenye ua wa gesti amekaa, mikono imelala mapajani. Nikamwambia tumpigie mwongozaji asiwalete. Alifikiri.

"Nitakwenda kwa mjane," akasema. "Si kumwomba kitu. Nakwenda kumpa pole, na kumwambia mwenyewe kwamba tumeahirisha, asije akasikia kwa watu."

Nilikwenda naye. Wanawake walikuwa wamejaa, na mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka ukutani. Nesi alikaa naye muda mrefu, ndipo akamweleza. Yule mama alisikiliza akiangalia miguu yake, kisha akasema kwa Kiiraqw, polepole kiasi kwamba nilielewa kila kitu:

"Alifagia kila siku tangu uje. Waje. Nikiwazuia, itakuwa mimi nimemnyima wageni wake."

Wageni walifika saa nne asubuhi. Nesi aliwapokea mlangoni mwa gesti, akawapa chai, akawaeleza kupitia kwa mwongozaji: leo hakuna utalii. Mwenyeji wetu amefariki na tunakwenda kumzika. Mkipenda kupumzika hapa, pumzikeni. Mkipenda kuja, mtakuja kama wengine, na picha hatutapiga.

Binti hakutaka. Alisema si sahihi kwenda kuangalia huzuni ya watu usiowajua, na sikuweza kumlaumu, hata mimi jambo hilo lilinisumbua. Mama yake alimaliza chai, akafunga kitambaa kichwani kama alivyoona wanawake wa pale, akapanda gari. Binti akaja naye lakini tulipofika Maretadu akabaki ndani ya gari.

Nilisimama upande wa wanaume, kwa hiyo niliona kwa mbali. Yule mgeni aliongozwa na Nesi mpaka kwa mjane, akainama, akamshika mikono miwili. Kisha akasimama asijue aende wapi. Jikoni, nyuma ya nyumba, wanawake walikuwa wamezunguka magunia ya viazi, wanamenya kwa ajili ya chakula cha waombolezaji. Akawaona. Akaenda, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha mkono kuomba kisu.

Wanawake waliangaliana. Mmoja akampa kisu chake. Baada ya kiazi cha tatu hakuna aliyekuwa anamwangalia kwa wasiwasi tena, kwa sababu alimenya haraka kuliko wote na ganda lilitoka jembamba kama karatasi. Nikaona bibi mmoja anaokota ganda lile, analiinua kwenye mwanga, anamwonyesha jirani yake. Muda kidogo baadaye mlango wa gari ukafunguka. Binti alitembea mpaka pale, akachuchumaa kando ya mama yake. Hakujua kumenya vizuri. Wakampa kazi ya kusuuza.

Tulizika. Katekista alisali, wanaume tukapokezana majembe, watu wakala. Jioni ilipokaribia na wengi wameanza kuondoka, mjane aliinuka mkekani, akamwita Nesi, akasema wageni wa mume wake sasa waje.

Walikwenda watu wachache tu: mjane, Nesi, wageni wale wawili, mwongozaji na mimi. Mlango wa nyumba ile ya kilimani ulikuwa umepakwa udongo mpya. Ndani palikuwa pakavu, pamefagiliwa, pamewekwa viti viwili vya miguu mitatu. Mjane alisimama katikati. Nikadhani atalia. Akaanza kusema kwa Kiswahili, lugha ambayo nilikuwa sijawahi kumsikia akiiongea.

"Karibuni wageni. Hii nyumba alichimba babu yangu. Ng'ombe walilala huku, watu huku. Moshi ulipita pale, ulitoka mbali, adui asijue."

Alisema yote hivyo, akionyesha kwa mkono, bila kusita, kama mtoto anayekariri somo. Alipomaliza Nesi alimuuliza kwa upole amejifunza wapi maneno yale.

"Ni yake," akasema. "Alikuwa anajizoeza jioni wakati tunakoka moto. Alikuwa anaogopa kukosea mbele ya wageni. Mimi namsikiliza, nimeyashika yote."

Mwongozaji alitafsiri hilo la mwisho kwa shida. Yule mama wa viazi aliketi kwenye kiti kimoja kati ya vile viwili, akaweka kiganja kwenye ukuta wa udongo, akakaa hivyo mpaka tulipomwambia giza linaingia.

Hatukupata umaarufu baada ya hapo. Kila kiangazi wanakuja wachache, wengine kupitia kwa mwongozaji yule, wengine kwa sababu rafiki aliwaambia. Mjane anawapokea mwenyewe na Kiswahili chake kimekuwa kizuri kuliko cha marehemu. Fundi wa plau ameweka benchi. Mwenye ghala la vitunguu saumu anawapa watu mtihani wa kufumba macho, na anafurahi sana wakikosea. Kilichonishangaza zaidi ni watoto wetu waliohamia Arusha na Dar es Salaam. Wameanza kuja likizo na watoto wao, wanapita dukani kwangu kuchukua kipeperushi, wanakwenda kuonyeshwa vitu walivyokua navyo. Na mimi nikiulizwa kwetu ni wapi, nasema Dongobesh, na mtu akisema haijui nina maneno ya kutosha.

Nesi magoti yanamsumbua sasa, lakini bado anatembea na wageni mwenyewe. Mara ya mwisho nilipomsindikiza, wageni walikuwa walimu saba wa kike kutoka Katesh, wilaya jirani ya Hanang. Nilimuuliza pembeni kama watu wa Katesh nao ni watalii.

"Wamelala nje ya kwao na wanataka kuona," akajibu. "Unataka wawe na nini zaidi?"

Tulipanda nao kilima kukiwa na manyunyu. Walikuwa wanacheka, wanasaidiana kwenye utelezi, wanasema wamepita barabara hii miaka mingi na hawakuwahi kushuka kwenye gari isipokuwa kununua mahindi. Tulipofika juu hapakuonekana kitu upande wa kusini, mawingu tu. Nesi akaketi juu ya jiwe, akasema tusubiri.

Tulisubiri sana. Kisha wingu likapasuka, na mlima Hanang ukatokea peke yake, wa buluu, mkubwa, kule mbali kwao. Kelele zikakatika. Mwalimu mmoja akatoa simu akampigia mume wake, akamwambia atoke nje ya nyumba, "mimi nakuona huko ulipo," na wenzake wakacheka.

Mmoja hakucheka. Alikuwa amesimama kando kidogo. Nesi akamsogelea. Yule mwalimu akasema kwamba tangu siku ile mlima uliposhusha tope lililofunika nyumba na watu mjini kwao, hajawahi kuinua macho kuutazama. Anatoka nyumbani na kwenda shuleni akiangalia chini, na akilazimika kuwaonyesha wanafunzi kwenye ramani anapitisha kidole haraka.

"Na hapa?" Nesi akamuuliza.

"Hapa naweza," akasema.

Nesi akavua mtandio wake, akautandika juu ya jiwe lililolowa, wakaketi wawili. Sisi wengine tukatangulia kushuka taratibu, tukawaacha waangalie.